Mama Fundi Anajibu: Turubai lililofunguka barabarani

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mwaka huu nilinunua karavani kuukuu ya kuvutwa na gari. Ina turubai la kivuli la kufungua kwa mkono, si la umeme. Mwezi wa nane mimi, mke wangu na watoto tulitoka nayo hapa Aurora, Colorado, tukapita Laramie na Rawlins hadi Salt Lake City kumtembelea shemeji. Kwenda tulikwenda salama. Kurudi, tulipoiacha Rawlins na kukaribia Elk Mountain, upepo ulizidi. Nikasikia kishindo, kutazama kwenye kioo cha pembeni naona turubai limevimba, limepanda hadi juu ya paa. Mpaka napata pa kusimama, lilikuwa limeshachanika upande mmoja na mkono wake wa nyuma umepinda. Kabla ya kuondoka nilikaza kila kitu, tena ule mkanda wa kuvutia niliuvuta nikaufunga kwa nguvu zote kwenye mkono wa turubai. Aliyeniuzia ananiambia upepo wa Wyoming hauna dawa. Ni kweli? Na mbona kwenda halikufunguka?
– Baba Watatu, Aurora

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Nashukuru kwamba kilichoumia ni turubai peke yake, maana kitambaa kile kingeweza kufunika kioo cha gari la nyuma yako.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Karavani za Marekani huwekwa turubai ubavu wa kulia, upande wa mlango, kwa kuwa magari ya huku yanapita kulia na mlango unatakiwa ufungukie pembeni mwa barabara. Mlipokuwa mnaelekea magharibi, ubavu huo ulitazama kaskazini. Mlipogeuza kurudi, ukatazama kusini. Na upepo wa sehemu ile ya barabara ya I-80, kati ya Rawlins na Laramie, mara nyingi unatoka kusini-magharibi. Kwa hiyo wakati wa kwenda, karavani yenyewe ililikinga turubai lako. Wakati wa kurudi mlikuwa mmeliweka wazi mbele ya upepo, na kila lori lililowapita liliongeza msukosuko wake.

Aliyekuuzia amekosea. Dawa ipo, ila lazima ujue unatibu nini. Turubai lililokunjwa linaweza kufunguka kwa njia mbili, na kila njia ina kizuizi chake. Njia ya kwanza ni bomba kuzunguka. Lile bomba refu la alumini ambalo kitambaa hujizungushia lina springi ndani yake, na kwenye ncha moja, mara nyingi ile ya kulia ukiwa umesimama unaikabili karavani, pana komeo lenye leva ndogo. Leva ikiwa upande wa kufunga, meno ya komeo yanaliruhusu bomba kukunja tu. Ikiwa upande wa kufungua, linakunjua tu. Njia ya pili ni mikono kuachana na ukuta. Kila upande kuna mkono wa nje na wa ndani, kuna nobu nyeusi ya kukazia kwa nyuma, na kuna kishikizo cha safari kinachoibana mikono hiyo miwili pamoja.

Watu wengi hukaza mikono wakaona wamemaliza kazi. Lakini mikono ikiwa imebanwa vizuri kabisa, bomba bado linaweza kuzunguka pale pale lilipo. Kitambaa kinalegea kidogo kati ya bomba na reli ya ukutani inayokishika, upepo unaingia kwenye ule ulegevu, kinavimba, kinalizungusha bomba zaidi, kinapata nafasi zaidi, na kikishafikia ukubwa wa tanga la mashua, hakuna nobu itakayoizuia mikono isivutwe. Mpangilio uliouona wewe ni huo huo: kuvimba kwanza, mkono kupinda baadaye. Kwa hiyo kilichoachia ni komeo la bomba. Mikono ilijitahidi mpaka ikashindwa.

Sasa tuje kwenye mkanda, na hapa nataka wasomaji wote wanisikilize, kwa sababu jambo hili naliona karavani baada ya karavani. Ule mkanda umezungushwa kwenye bomba pamoja na kitambaa. Kazi yake ni kuvutia turubai lifunguke. Ukiuvuta ukaufunga kwa nguvu kwenye mkono, hujazuia kitu. Unachofanya ni kulisukuma bomba upande ule ule ambao upepo unataka kulipeleka, na kila karavani inaporukaruka barabarani, mkanda unayavuta tena yale meno ya komeo. Ufunge legelege tu, usiwe unapigapiga ukuta na kukwaruza rangi. Usiuhesabu kuwa ni kufuli.

Kulipima komeo ni kazi ya muda mfupi na hakuhitaji chombo chochote zaidi ya ile fimbo yenye kulabu ya kufungulia turubai. Turubai likiwa limekunjwa na leva ikiwa upande wa kufunga, tia kulabu kwenye kitanzi cha mkanda, simama imara, uvute kwa nguvu kama mtu anayetaka kulifungua. Komeo zima haliachii. Utasikia bomba linagota na kunyamaza. Likitoa mlio wa kuteleza, au kitambaa kikitoka hata upana wa vidole vitatu, meno yamelika au springi ndogo ya leva imechoka, na turubai hilo halifai kuingia barabara kuu mpaka komeo libadilishwe. Iangalie na leva yenyewe. Kuna zile zilizolegea mpaka zinakaa katikati, si huku wala si kule, na mtetemo wa safari unaimalizia hatua iliyobaki.

Kubadilisha komeo nakuomba usijaribu mwenyewe. Springi zilizo ndani ya bomba zimekazwa hata turubai linapokuwa limefungwa. Mtu akipanda ngazi na bisibisi akafungua kifuniko cha ncha bila kulizuia bomba kwanza, kile kifuniko kinazunguka kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauiwahi. Vidole huvunjika, na vifundo vya mkono pia. Fundi anayeijua kazi huja na mwenzake, wakalizuia bomba kwanza, kisha wakaachia springi taratibu huku wakihesabu mizunguko, ili wakirudisha wairudishe sawasawa. Mlipe kwa moyo mweupe.

Ule mkono uliopinda usiukubali unyooshwe. Alumini ikishapinda na kunyooshwa inakuwa dhaifu pale pale ilipokunjika, na upepo mwingine utaikuta hapo. Nunua mkono mwingine, hata uliotumika. Watengenezaji wanaoonekana zaidi kwenye karavani za Marekani ni Dometic, ambao maturubai yao ya zamani yana jina la A&E, na Carefree of Colorado. Soma jina lililo kwenye mkono kabla ya kuagiza, kwa sababu vipande vya huyu havikai kwa yule.

Kuna sehemu moja wanunuzi wa karavani kuukuu hawaiangalii kabisa, nayo ni breketi za chini, pale miguu ya mikono inapokaa karibu na sakafu. Zimeshikwa kwa skrubu kubwa zilizoingia kwenye mbao iliyo ndani ya ukuta. Chukua spana, jaribu kuikaza kila moja. Skrubu inayokaza na kugota ni nzuri. Skrubu inayozunguka, ikazunguka, bila kugota, inakuambia kuwa mbao ya ndani imeoza kwa maji. Mimi nikiikuta hivyo huitoa na kuitazama: nyuzi zake zinatoka na unga mweusi wenye unyevu, na harufu yake ni ya gogo lililolala msituni. Hapo huwezi kutia skrubu nene zaidi ukaendelea na safari. Ukuta unafunguliwa, mbao inabadilishwa, na tundu la maji linatafutwa, ambalo mara nyingi liko juu kwenye reli ya turubai, pale silikoni ya zamani ilipopasuka. Pita na huko juu pia.

Baada ya matengenezo hayo, siku ya safari fanya hivi. Leva upande wa kufunga, kisha lile jaribio la kuvuta. Vishikizo vya safari viingie vyote viwili. Nobu kaza kwa mkono mpaka zigome. Koleo hapana, litakata nyuzi zake. Halafu zungusha mikanda ya velkro inayoshika mkono wa nje na wa ndani pamoja, mmoja juu na mmoja chini, kila upande. Hiyo ni ya mikono. Kwa bomba kuna kibano maalumu kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri vya karavani, kazi yake ni kulibana lisizunguke hata komeo likishindwa. Ni kidogo na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya kitambaa kipya, na nisingeivuta karavani ya umri wa yako kwenda Wyoming bila hicho. Kisha kila mnaposimama kuweka mafuta, tembea upande wa turubai uliangalie kwa macho. Ukiona kitambaa kimeanza kulegea kati ya bomba na reli, hiyo ndiyo dalili ya mwanzo, na bado hujachelewa.

Na kabla ya kuingia njia ile, ukiwa ndani ya Wyoming piga simu 511, ni huduma ya hali ya barabara ya jimbo la Wyoming. Upepo ukizidi, huwa wanaifunga I-80 kwa magari mepesi yaliyoinuka juu, na karavani tupu tupu ya kuvutwa ni mojawapo. Wakisema imefungwa kwa magari ya aina yako, laleni Rawlins. Shemeji ataelewa.

SWALI: Habari za kazi Mama Fundi? Sisi karavani yetu iko salama, ila tunapofika kambini ndipo shida inapoanza. Juzi tulikuwa Badlands, South Dakota, tukafungua turubai, jioni upepo ukaja, baba watoto akalifunga kamba kwa vigingi akasema sasa tunaweza kulala. Mimi sikulala. Kuna namna ya kulifunga ambayo mtu anaweza kuliacha wazi usiku kucha, au tukiwa tumekwenda kutembea?
– Mama Mapacha, Fargo

JIBU: Nzuri mama, na macho yako yalikuwa sahihi kukesha. Namna hiyo haipo. Ngoja nikuonyeshe kwa hesabu, umsomee na baba watoto, maana hesabu haimkosei mtu heshima.

Chukua turubai la urefu wa mita 5 linalotoka mita 2.4. Hilo ni eneo la mita 12 za mraba. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukilipiga moja kwa moja, msukumo wake ni kama uzito wa kilo 50. Watu wazima wawili wanaweza kuushika. Lakini kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Kwa hiyo kwenye kilomita 60 kwa saa, ambazo si ajabu hata kidogo nyanda zile za Dakota wingu la radi linapokaribia, unashindana na kilo 200. Nani atazishika, kigingi cha urefu wa kiganja?

Nililelewa Tanga kwenye ushonaji wa maturubai ya malori, na nilichojifunza kwa baba yangu kabla sijajua kushika sindano ni kwamba kinachoua turubai ni kupigapiga. Kitambaa kilichotulia kinabeba mzigo mkubwa. Kitambaa kinachopiga kinakatika uzi kwa uzi kwenye mshono, mpaka siku moja upepo wa kawaida tu unakiondoa. Basi kamba zina kazi mbili: kutuliza kupigapiga, na kukupa nafasi ya kulikunja turubai upepo unapobadilika ghafla. Kulala usingizi si mojawapo.

Kwa kazi hizo mbili, zifungeni vizuri. Bomba lina mfereji mwembamba unaokwenda urefu wake wote. Ingizeni humo kulabu za kamba, moja karibu na kila ncha, kamba ishuke kwa mshazari kuelekea nje, na kigingi kiwe cha kuzungusha kama skrubu, kilichozama chote ardhini. Wekeni springi ndogo katikati ya kila kamba. Dhoruba ikija, springi inanyooka na kurudi badala ya mshtuko wote kwenda kwenye breketi za ukutani. Kingo za kitambaa nazo zibaneni kwenye mikono kwa vibano vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo.

Mikono yenyewe ina namna mbili za kusimama. Inaweza kubaki imekaa kwenye breketi za karavani, au mkaitoa pale chini mkaisimamisha wima ardhini na kuipigia vigingi. Ya pili inaleta nafasi nzuri ya kuweka meza, ila karavani inapotikiswa na upepo, na ardhi haitikisiki, mikono inavutwa huku na huku. Mahali penye upepo mimi huiacha ukutani.

Mvua nayo msiidharau. Shusheni upande mmoja wa turubai, uwe chini ya mwenzake kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, ili maji yapate njia. Maji yaliyojikusanya kina cha sentimita 5 kwenye mita moja tu ya mraba yana uzito wa kilo 50, na yakishaanza kukaa kitambaa kinazama, na kikizama yanakaa zaidi. Nimeona bomba la alumini lililojipinda katikati kwa mvua ya usiku mmoja bila upepo wowote. Bomba hilo halikunjiki tena.

Kwa hiyo mkienda kutembea, likunjeni. Mkienda kulala, likunjeni. Wakati wa kukunja mmoja aushike mkanda kwa kulabu kabla mwenzake hajaigusa leva, na asiuachie mpaka bomba lifike ukutani. Leva ikigeuzwa hakuna aliyeshika, springi zinalirudisha bomba kwa nguvu zote, na mapacha wasiwe karibu hapo.

SWALI: Assalaam alaykum Mama Fundi. Sisi tuko Maskati. Msimu wa baridi tunakwenda na karavani kwenye mchanga wa Sharqiya. Vigingi havishiki kabisa, vinang'oka kama vimetiwa kwenye unga. Na komeo la turubai limeanza kukwama. Nimelitia grisi lakini limezidi.
– Bu Salim, Maskati

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Mchangani kigingi hukitii, unakizika. Chukua mfuko imara, ule wa mchele unafaa, ujaze mchanga, ufunge kamba katikati yake, kisha uchimbe shimo la nusu mita na kuulaza humo ukiwa umekingama na kamba, si kuelekea nayo. Fukia, kanyaga, mwagia maji kidogo kama mnayo ya ziada. Kamba itoke ardhini kwa mshazari. Mfuko mmoja kila pembe unatosha kwa upepo wa mchana. Upepo ukianza kuvuma kweli, hesabu niliyompa Mama Mapacha inafanya kazi Oman kama inavyofanya kazi Dakota.

Grisi ndiyo iliyokuharibia komeo. Inanasa mchanga na kuugeuza msasa unaoyala meno kila unapokunja na kukunjua. Ioshe yote kwa dawa ya kusafishia breki za gari na brashi ya meno, ukiwa umekikinga kitambaa kwa gunia au plastiki kwa sababu dawa hiyo inakiharibu. Acha pakauke kabisa, kisha puliza silikoni kavu, ile isiyoacha mafuta. Na mkiwa kule, kabla ya kukunja lipigeni turubai kwa chini kwa ufagio mlaini mchanga udondoke. Msipofanya hivyo mnaukunja pamoja nalo, na unafika mpaka ndani ya bomba.

SWALI: Mama Fundi, turubai letu la plastiki lina madoa meusi na linanuka. Tulilikunja lina maji tukaja kulifungua baada ya majuma kadhaa. Nitumie dawa gani?
– Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu na brashi laini. Dawa kali ya kung'arishia nguo iache, inaudhoofisha uzi wa mishono hata kama plastiki inaonekana haina neno. Lifungue lote, lipake sabuni juu, kisha likunje likiwa na sabuni hiyo hiyo na uliache dakika chache. Yale mapovu yatahamia upande wa chini ambao mkono wako haufiki vizuri. Lifungue tena, sugua palipobaki, suuza kwa maji mengi, ulianike mpaka likauke pande zote, na usisahau ile sehemu inayoshikana na bomba. Siku ambayo mvua imewalazimisha kulikunja likiwa limelowa, kunjeni, si kosa, lakini mlifungue mara tu mfikapo nyumbani.